Watu Waliosafiri na Sakafu Yao

Mimi huuza viatu vya mitumba sokoni Machakos, kwa hiyo mtu akisimama mbele yangu humtazama miguu kwanza, uso baadaye. Si dharau, ni mazoea ya kazi. Naweza kulisahau jina lako lakini nikakumbuka kwamba kidole chako kidogo cha kushoto kimepinda. Na tangu mwanzo wa mwaka ni mguu mmoja tu uliokuwa umeniganda rohoni: mguu wa kulia wa dada yangu Kaluki.

Kaluki ni mkubwa wangu. Ana ugonjwa wa sukari, na kidonda alichokipata shambani kwake Kalama, kidogo tu, cha kukwaruzwa na jembe, kilikataa kupona mpaka vidole viwili vikawa vyeusi. Daktari hakuzunguka. Mguu ukatwe chini ya goti, tena upesi, la sivyo sumu itapanda na hatutakuwa tukizungumzia mguu tena, tutakuwa tukizungumzia mazishi. Kaluki alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akachukua mkoba wake, akarudi nyumbani. Jibu lake kwetu sote likawa hilo hilo moja: "Lakini hauniumi." Na kweli haukumuuma, maana ulikuwa umekufa ganzi. Ungeweza kuuchoma msumari na asijue.

Nilimbembeleza. Nilimgombeza. Nilimletea mchungaji, nikamletea mpaka mama mmoja wa Ndithini anayetembea kwa mguu wa bandia. Kaluki alimpikia chai yule mama, akamsifu mwendo, akamsindikiza hadi langoni, kisha akanigeukia.

"Munyiva, mimi nikikatwa mguu, nitakuwa nani?"

Nikakasirika. Mimi ndivyo nilivyo, nikikosa jibu hukasirika. Tukanuniana wiki nzima, na huku siku zinakwenda. Daktari alikuwa amemwekea kitanda Jumatatu, akatuambia kwamba baada ya hapo yeye hawezi kuahidi chochote.

Swali la Kaluki halikuwa la kitoto, na ndiyo sababu liliniuma. Huyu ndiye aliyekuwa akiongoza mwethya wetu, kile kikundi cha akina mama kinachozunguka shamba hadi shamba kuchimba matuta, tukiimba na kucheza huku majembe yanapanda na kushuka. Harusini hakuna aliyethubutu kuingia uwanjani kabla yake. Mabega ya Kaluki yakianza kutetemeka, hata wazee waliokuja kwa ajili ya nyama tu huweka sahani chini. Ukimwondolea huyo mguu umemwondolea nini? Mimi niliyajua hayo yote, ila nilitaka abaki hai, basi.

Tiketi zilitoka kwa Sucdi. Sucdi ni jirani yangu pale sokoni, ana duka la madera na leso. Ni Msomali aliyezaliwa papa hapa mjini, na Kikamba chake kinateleza kuliko cha watoto wangu. Watu wa onyesho fulani walinunua kwake vitambaa vya mapazia, wakamwachia tiketi mbili kama shukrani.

"Chukua wewe, uende na dada yako," akaniambia. "Mimi nikionekana huko, mume wangu Hared ataniuliza maswali mpaka Idi."

"Kwani ni nini?"

"Sijui. Watu wanarukaruka. Si uangalie ile picha wamebandika hapo nje."

Nikaangalia. Mwanamume alikuwa amemnyanyua mwanamke juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja, mwanamke amejinyoosha hewani kama anaota. Nikasema moyoni, ah, sarakasi. Sarakasi sisi Wakamba tunaijua, tumekua tukiwatazama vijana wetu wakipinduka hewani kama magurudumu. Yale maandishi ya chini yalikuwa ya herufi za kujikunjakunja, sikujisumbua kuyasoma. Nikafikiri tu kwamba Kaluki atacheka kidogo, na mtu aliyecheka Jumamosi huenda akasikia Jumatatu.

Alikubali kwa sharti moja.

"Hospitali usiitaje. Ukiitaja nitashuka kwa gari, hata kama ni katikati ya barabara."

"Sitaitaja."

"Na uso wako pia usiitaje. Nakujua."

Basi Jumamosi jioni mwanangu Kisilu akatupeleka kwa gari lake la Probox, mimi nimefunga mdomo na uso pia. Kaluki alikuwa amebadilisha bendeji, mguu ule akauvalisha ndara kubwa ya marehemu mume wake, na juu ya gauni lake la kanisani akajifunga leso mpya, ya manjano. Jua lilikuwa halijazama bado. Akapanda ngazi za ukumbi akinishika bega, akisalimiana na watu kama mgeni wa heshima, wala hakuna aliyeuliza habari ya ndara.

Kitu cha kwanza tulichokiona ni sakafu. Katikati ya ukumbi, juu ya saruji yetu ya kila siku, watu hao walikuwa wametandaza mbao za rangi ya asali, zimeunganishwa hivi kwamba huoni zinapokutana, na mwanga wa taa zote ulikuwa umelala juu yake. Kijana mwenye kukagua tiketi alituona tumeduwaa.

"Hiyo wanatembeanga nayo, mathe. Inabebwa na lori. Juzi ilikuwa Kampala."

"Wamekuja na sakafu yao?" Kaluki akauliza.

"Eeh."

"Kwani yetu iko na shida gani?"

Kijana akacheka, akatupeleka viti vya mbele kabisa kwa sababu ya ule mguu. Kaluki hakukaa mara moja. Aliinama, akaweka kiganja chake juu ya zile mbao, akakitembeza taratibu jinsi mtu anavyopima unga kama umesagika vizuri. Ndipo akaketi.

Kisha taa zikapungua, akatokea mshereheshaji, barobaro wa Nairobi mwenye koti la kumetameta. "Niaje Machakos! Mko fiti?" Tukaitikia kwamba tuko fiti. "Basi leo ni dansi! Dansi ya kizungu, dansi ya Latino, mguu kwa mguu mpaka mwisho!"

Dansi. Si sarakasi, dansi, mguu kwa mguu. Nani mwenye akili zake humchukua mtu anayengojea kukatwa mguu, akamketisha kiti cha mbele, ili atazame sherehe ya miguu ya watu? Ni mimi, Munyiva, mwenye macho ambayo hayasomi. Nikainama sikioni kwa dada yangu.

"Twende. Nimekosea, nilidhani ni sarakasi."

"Keti."

"Kaluki—"

"Nimesema ukae."

Nikakaa, maana muziki ulikuwa umekwisha kuanza na watu walikuwa wameingia.

Sasa sijui niwaeleze vipi. Walianza na kitu kinachoitwa walzi. Waliingia wawili wawili, wanaume wamevaa suti nyeusi, wanawake wamevaa magauni mapana yenye kitambaa cha kutosha mashungi ya mtaa mzima, na wakaanza kuzunguka. Mimi, kama kawaida yangu, macho yakaenda chini. Viatu vya satini, kisigino chembamba, mkanda umepita kwenye kifundo, soli ya ngozi iliyokwaruzwa isiteleze. Viatu vya namna hiyo sijawahi kuvipata kwenye marobota yangu yote. Lakini si viatu vilivyonishinda. Kilichonishinda ni kwamba sikusikia hatua. Watu wale wote, wanapita mbele yangu karibu kiasi cha kunipepea na marinda, na sakafu haikutoa sauti. Wanawake walikuwa wakienda kinyumenyume, mbio, mahali ambapo hawapaoni, na hakuna aliyemgonga mwenzake. Nilijikuta nimeshika mdomo. Aibu yangu yote ya dakika moja iliyopita ilikuwa imenitoka, na nikasahau hata nimekuja na nani.

Ukumbi mzima ulikuwa hivyo hivyo. Machakos tunajua kupiga kelele, lakini walzi ilipokwisha kulikuwa na kimya kwanza, kama kile cha baada ya sala, ndipo makofi yakafumuka.

Mshereheshaji akarudi. "Na sasa, rumba!"

Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Rumba! Hiyo ni yetu! Mzee mmoja nyuma yetu, baadaye niliambiwa anaitwa Makau na ana duka la vipuri, alisimama kabisa, akachomeka shati, akakunjua mikono tayari kwa magitaa ya Kikongo. Badala yake ikaja piano, moja, ya polepole, tone moja baada ya jingine. Mzee Makau akabaki amesimama na mikono yake hewani, kisha akaketi kidogo kidogo, na watu wakacheka mpaka machozi. Naye akacheka.

Kicheko kilikatika ghafla, maana mwanamke alikuwa ametoka gizani.

Alikuwa mrefu, wala si msichana tena, gauni lake jekundu limemkaa kama alizaliwa nalo. Mshereheshaji alikuwa ametuambia ametoka ng'ambo ya mbali, na jina lake lilinipita. Mwenzake alimngojea katikati ya sakafu bila kujitikisa. Yule mwanamke alimwendea polepole mno, na kila hatua aliikokota kwanza, akaitua, kisha uzito wake ukaifuata, mpaka nyongani, mpaka mgongoni, mpaka kwenye ncha za vidole vya mikono. Nimewatazama watu wakitembea maisha yangu yote. Ndiyo riziki yangu. Na siku ile nikaona kwamba sijawahi kumwona mtu akitembea. Sikujua kama ninachosikia ni furaha au ni huzuni, nilijua tu kwamba sitaki iishe.

Nilipomkumbuka Kaluki nikamgeukia. Alikuwa ameketi wima, taya limekaza, machozi yanamtiririka na hayafuti. Nikasema, Munyiva, umemuua dada yako kabla ya siku zake.

Walicheza chacha, wakacheza tango, wakacheza kitu cha kurusha magoti kilichowafanya vijana wapande juu ya viti. Kila mara yule wa gauni jekundu alipotoka, Kaluki alisogea mbele kidogo zaidi kwenye kiti chake. Mwishowe akazunguka peke yake katikati ya sakafu, akazunguka na kuzunguka, akasimama papo hapo, wima, bila kuyumba hata unywele, mkono mmoja juu. Ukumbi ulikuwa ukinguruma. Na mimi nikaona kiti kilichokuwa ubavuni mwangu kiko wazi.

Kaluki alikuwa juu ya sakafu. Ndara ya mume wake ameiacha chini ya kiti, bendeji inakanyaga zile mbao za asali, anakwenda pole pole moja kwa moja kwa yule mwanamke, na mikono yake inafungua leso kiunoni.

"Mathe! Mathe, rudi chini tafadhali!" mshereheshaji akaita. Walinzi wawili wakatoka pembeni. Mimi nikasimama nikapaza sauti ambayo huitumia sokoni kwa wezi.

"Mtu asimguse! Asimguse mtu!"

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu watu wa mjini waliokuwa humo wengi walidhani mama amepagawa. Katika mwethya wetu, anayeongoza safu ndiye anayefunga leso kiunoni juu ya nguo zake za kazi. Yeye ndiye anayeanzisha wimbo, na jembe lake ndilo linaloinuka kwanza. Akichoka, haondoki kimya kimya. Huifungua ile leso, akamfunga mwingine aliyemwona anaweza, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wote. Hapo amemwachia safu, na hakuna anayemcheka. Lakini Kaluki hakuwahi kumfunga mtu. Miaka yote, jua linatupasua utosi, sisi wengine tunamwomba, alimaliza shamba na leso iko kiunoni mwake, akaenda nayo nyumbani. Mimi mdogo wake niliitamani leso ile zaidi ya wote. Hakunipa.

Sasa alikuwa akiizungusha ile ya manjano kwenye kiuno cha mgeni. Mgeni yule alishtuka, akamtazama mwenzake, akatazama walinzi, lakini hakurudi nyuma. Kaluki alikaza fundo, akaligonga kwa kiganja mara moja kama tunavyofanya kwetu, akamwambia kwa Kikamba, kwa sauti niliyoisikia mpaka pale nilipokuwa:

"Shika safu. Mimi nimechoka."

Sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwa dada yangu. Niliona wivu, nisiwafiche, na papo hapo nikaona kitu kingine kikubwa kuliko wivu, kwamba Kaluki amekubali kuachia kitu, nikashika mgongo wa kiti.

Mgeni hakujua Kikamba wala Kiswahili. Lakini aliiangalia leso, akauangalia uso wa Kaluki, kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye bendeji yakakaa hapo kidogo. Akainua mkono kuwasimamisha walinzi. Akasema neno kwa wapiga muziki. Ile walzi ya mwanzo ikaanza tena, taratibu zaidi, naye akamshika Kaluki vile wanavyoshikana wao, mkono mmoja mgongoni, mwingine umenyooka.

Kaluki aliinamisha kichwa kuutazama mguu wake. Lazima autazame, kwa sababu hausikii. Asipouona hajui kama umefika chini. Mgeni akaweka kidole chini ya kidevu chake, akakiinua. Kaluki akainama tena. Mgeni akamwinua tena, akitabasamu, akamvuta karibu, akaubeba karibu uzito wake wote. Na wakaenda. Si mbali, mzunguko mdogo tu, lakini walikwenda, dada yangu kichwa juu, akirudi kinyumenyume mahali asipopaona. Mahali fulani katikati ya ule muziki mabega yake yakaanza kutetemeka. Mgeni akajaribu kuyaiga, akashindwa, akacheka kwa sauti, Kaluki naye akacheka. Akina mama wa ukumbi mzima wakapiga vigelegele. Mimi sikuweza.

Mgeni mwenyewe ndiye aliyemrudisha mpaka kitini. "Ni muvea," Kaluki akamwambia, ahsante kwa lugha yetu, na mgeni akaweka mkono kifuani. Leso hakuivua. Alicheza dansi zote zilizobaki ikiwa juu ya gauni lake jekundu, ikipeperuka kila alipozunguka, na sijui kama nitaona tena kitu kizuri kiasi kile kabla sijafa.

Ilipokwisha tukaketi kwenye benchi la nje tukimngoja Kisilu alete gari. Watu walitupita wakimpa Kaluki mkono. Mzee Makau alimpa mikono miwili. Nilingoja watu wapungue, na sikuthubutu kuitaja hospitali, maana nilikuwa nimeahidi.

"Wewe uliangalia nini usiku wote?" Kaluki akaniuliza.

"Miguu. Si unanijua."

"Mimi pia, mwanzo. Halafu nikaona wao hawaiangalii. Hata mmoja. Wako na miguu kama hiyo na hawaiangalii, wanaangalia yule mtu wanacheza na yeye. Mimi tangu hii kitu ianze sijaangalia kitu ingine. Asubuhi mguu, jioni mguu. Watoto wa Kisilu wanakuja kunisalimia, naangalia mguu. Wewe unakuja unanipigia kelele, naangalia mguu."

"Kaluki."

"Jumatatu unipeleke. Mapema, kabla sijaanza maneno."

Nilikuwa na maneno ya miezi mingi niliyoyaandaa kwa ajili ya siku hiyo. Badala yake nililia kama mtoto, pale nje, mbele ya watu wa Machakos wanaonijua kwa ukali wangu, na Kaluki akanishika mkono akakaza.

"Nyamaza, Munyiva," akasema. "Ukilia utanifanya niangalie chini."